Nyota Mbele ya Neno

Kwa miaka kumi na mmoja, dada yake Daktari alikuwa akingoja herufi mbili tu zichapwe. Hazikuwa herufi za ajabu. Zilikuwa herufi za mwanzo za jina lake na la baba yake, na mahali alipotaka zikae palikuwa padogo kiasi cha kufunikwa na punje ya mtama: mwishoni mwa kidahizo, yaani neno la kamusi pamoja na maelezo yake, baada ya nukta, ndani ya mabano. Katika kamusi ile kila neno lilifungwa hivyo. Aliyelichimba alilitia sahihi, ili msomaji ajue nani wa kumshukuru na nani wa kumlaumu.

Kamusi yenyewe ilikuwa ya mizizi. Iliwaeleza wanafunzi na wafasiri, kwa Kiswahili, maneno ya lugha za kigeni yametoka wapi na yamezaa nini. Juzuu mbili zilikwisha kutoka. Ya tatu, ya lugha za Kigermaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, ndiyo iliyokuwa mezani. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya kiwanda cha uchapaji, na mashine zikiwashwa chini, sakafu ilitetemeka hadi vijiko vikalia ndani ya vikombe. Kuta tatu zilijaa droo za kadi. Mbele ya ukuta wa nne kulikuwa na chumba cha vioo, na ndani ya vioo alikaa Mhariri Mkuu, ambaye wote walimwita Daktari. Dada yake alikaa nje ya vioo, karibu na droo. Nyumbani alimwita mdogo wangu. Pale kazini alimwita Daktari kama watu wengine.

Kwenye karatasi za utumishi yeye alikuwa karani wa kadi. Midomoni mwa watu aliitwa Nyota. Jina hilo alipewa na mdogo wake mwenyewe, siku alipomwingiza pale mlangoni kwa mara ya kwanza, mkono begani.

"Jamani, huyu ni dada yangu wa damu. Kuanzia leo, huyu ndiye nyota wetu."

Watu walicheka. Yeye naye akacheka, akaona haya kidogo, akaona raha pia. Hakuwa amewahi kuitwa kitu kizuri mbele za watu.

Hadithi ya ndugu hawa wawili haikuwa ndefu. Baba yao alifariki mapema. Mwaka uliofuata mama akapigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukafa ganzi kuanzia shavuni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Ilibidi mtoto mmoja abaki nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, tena wa kike, kwa hiyo hata kikao hakikuitishwa. Alikuwa kidato cha pili. Alikunja sare, akaiweka chini ya godoro ili isikunjamane, na hapo ndipo ilipozeekea.

Mdogo wake akaendelea na shule, na kila likizo alirudi na vitabu alivyokwisha kuvimaliza. Mama alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akaota vidonda. Kati ya mgeuzo na mgeuzo dada alisoma. Hakuchagua. Alisoma kilicholetwa, kwa mpangilio ule ule kilivyoletwa, na alipokwama alirudi ukurasa wa kwanza bila kujilaumu. Lugha za watu waliokufa zamani alizijulia hapo, miguuni pa kitanda, huku akinusa dawa ya kuchua.

Siku moja, kwenye kadi ya hospitali, aliliona neno ambalo mganga aliliandika mbele ya maneno mkono wa kushoto. Lilikuwa la Kiingereza: numb. Akafungua kamusi nene isiyo na jalada. Maana ilikuwa ile aliyoitarajia, aliyekufa ganzi. Lakini chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba neno hilo ni masalia ya kitenzi cha kale chenye maana ya kutwaa. Aliyekufa ganzi ni aliyetwaliwa. Akautazama mkono wa mama, uliolala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahaulika pale. Akausoma tena ule mstari. Tangu siku hiyo kitenzi kile hakikumtoka.

Mama alikaa hivyo miaka kumi na tisa. Wiki moja baada ya kumzika, mdogo wake, ambaye sasa alikuwa Daktari, alimwambia: "Dada, njoo ofisini kwangu. Cheo sina cha kukupa, huna vyeti. Lakini neno moja nitakupa. Chagua mwenyewe, ulichimbe, ulitie sahihi. Nakuahidi kwa kaburi la mama."

Hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amekwisha kuchagua.

Kazi ya kulitafuta neno la kale inafanana na kazi ya kumtambua marehemu ambaye hakuwahi kupigwa picha. Unawaita watoto wake, unawapanga mstari mmoja, unatazama. Pua hii wanayo wote, basi ni ya mzazi. Kovu hili analo mmoja tu, basi amelipata mwenyewe njiani. Dada aliwaita watoto. Akaja niman wa Wagothi wa kale, akaja nema wa watu wa kaskazini, wakaja nehmen wa Kijerumani na nemen wa Kiholanzi, wazima wenye afya mpaka leo, wote wakimaanisha kutwaa. Mtoto wa Kiingereza alichelewa kupatikana. Naye aliwahi kuwepo, ila kitenzi cha wageni kilikuja kikaketi kwenye kiti chake, yeye akafukuzwa. Alichoacha nyuma ni vivumishi viwili, kimoja cha mwepesi wa mwendo, na kingine ni hicho cha ganzi.

Baada ya watoto wote kupangwa, mzazi akaandikwa: *nemaną. Na mbele yake nyota.

Katika kazi hiyo nyota haina maana ya sifa. Ina maana moja tu: neno hili halijawahi kuonekana. Hakuna aliyeliandika kwenye jiwe wala kwenye ngozi. Tumelikisia kwa sababu ya watoto wake, na ushahidi wa maandishi hatuna.

Kilichomla dada miaka yote hiyo ni jambo lililokuwa nyuma zaidi. Wagiriki wa kale walikuwa na neno la ukoo huo huo, lakini kwao lilimaanisha kugawa, kumpa kila mtu fungu lake. Ukoo mmoja, huku wanatoa, huku wanachukua. Ilikuwaje? Wataalamu walikuwa wameshindana juu ya hilo kabla ya babu yake kuzaliwa. Yeye hakutaka kushindana na mtu. Aliandika, kwa kalamu ya polepole, kwamba labda bawaba ya mlango huo ni fungu lenyewe. Mmoja akigawa, mwingine hutwaa, na kitendo ni kile kile. Inategemea umesimama upande gani wa meza.

"Miaka kumi na mmoja kwenye neno moja!" Koma alimwambia siku alipomaliza. Koma ndiye aliyekuwa mpangaji wa kurasa. Jina hilo alilipata kwa sababu mbili: kwanza aliweka mikato mahali ambapo haikuombwa, pili hakuna siku iliyopita bila kumwambia mtu akome. "Mimi ndoa yangu haikufika minne."

"Ndoa yako haikuwa na kadi."

"Ingekuwa na kadi ningezichoma zote na droo yake. Haya, lete nione. Kurasa kumi na sita! Nyota, hicho ni kitenzi au ni kesi ya shamba?"

"Nitaweka herufi zangu hapa," alisema dada, akamwonyesha mahali kwa ncha ya kidole.

Koma alipatazama, kisha akamtazama yeye, kisha akajikuna shingo. "Kampe ndugu yako kwanza," alisema.

Alimpa. Kurasa kumi na sita kwa mwandiko wake, nakala moja tu. Kitu cha kumpa mdogo wake mkononi hakuona sababu ya kukitolea nakala. Daktari alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena.

"Dada, hii ni kazi ya mtu mzima."

"Na sahihi?"

"Mbona una haraka? Mgeni anakuja Alhamisi. Yeye ndiye atakayetuandikia dibaji, na akisema kitabu ni kizuri, kitabu ni kizuri. Akishakiona, tutazungumza."

Mgeni alikuwa mzee mmoja mwembamba, profesa wa lugha za Kigermaniki, aliyesifika kwa mambo mawili: kujua, na kutomsamehe asiyejua. Alhamisi hiyo ofisi ilifagiliwa mara mbili. Mgeni aliketi ndani ya vioo, mlango wazi, wafanyakazi sita wakiwa wamesimama nje kama watoto wa kwaya. Daktari alimsomea kidahizo kile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzuri. Hakusema nani amekiandika. Alisema tu "tumeona", "tukagundua", na kuelekea mwisho akaanza kusema "nimeona", "nikagundua".

Dada alikuwa ameingia na sinia la chai.

"Vizuri sana," alisema Mgeni. "Hasa hilo la fungu. Sasa niambie, kwa nini unaanza na kugawa? Kwa nini isiwe walianza na kutwaa, Wagiriki ndio wakageuza?"

Daktari aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Hilo ni suala la... muktadha. Muktadha wa matumizi."

"Muktadha upi?"

Vijiko vililia ndani ya vikombe. Mashine zilikuwa zimewashwa chini.

"Hatujui, mheshimiwa," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika. "Ukurasa wa tisa unasema hivyo. Inawezekana pande zote mbili. Ila kati ya maneno ya ukoo huu, mengi ya yale ya zamani yanaelekea kwenye fungu, ndiyo maana tukaanza huko. Si uhakika. Ni kuegemea tu."

Mgeni aliweka miwani sawa. "Na huyu ni nani?"

"Dada yangu," alisema Daktari upesi. "Karani wa kadi. Hapa tunamwita Nyota."

"Nyota!" Mgeni alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nyota wa mbinguni, au nyota ya kwetu sisi?"

Daktari alimtazama dada yake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema wa mbinguni, mzaha ukaishia hapo. Aliwatazama wafanyakazi nje ya mlango, akamtazama Mgeni, ambaye alikuwa angali na swali lake la muktadha mkononi na sasa alikuwa karibu kulisahau.

"Ya kwetu, Profesa," alisema. "Hana hati hata moja. Tunamkisia tu."

Kicheko kiliporomoka. Mgeni alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye kisahani. Nje walicheka wote sita, na Koma ndiye aliyetangulia, kisha akaziba mdomo kwa kiganja akiwa amechelewa. Hapana hata mmoja aliyeuliza mzaha ulikuwa na maana gani. Hilo ndilo dada alilolishika. Kitu kipya huulizwa.

"Basi mwekeni mwanzoni mwa mstari," alisema Mgeni akijipangusa macho, "na asisogee!"

Dada aliokota vikombe, kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia, vishikio vyote vikielekea upande mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameandika nyota zaidi ya elfu nne kwa mkono wake. Kila moja aliijua maana yake. Ile moja aliyoivaa mwenyewe hakuwahi kuisoma.

Alimkuta Koma kwenye karai la kuoshea vyombo.

"Ulijua?"

"Shoga yangu..."

"Ulijua, au hukujua?"

"Tulijua sote. Tangu siku ile ya kwanza." Koma alifungua bomba, akalifunga. "Mimi nilidhani na wewe unajua. Wewe si ndiye unayeziandika hizo nyota? Nilisema huyu mama ana moyo, anataniwa hivi na anaitika."

Mgeni alipoondoka, dada aliingia ndani ya vioo bila kubisha.

"Dada, ule ni utani," Daktari alisema kabla hajaulizwa. "Kweli hukujua? Kweli kabisa? Hata wifi yako anajua."

"Nimekuja kuuliza sahihi."

Daktari akaanza kuzungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mgeni ameondoka akijua kazi ni yangu. Nikimwambia sasa ni yako, nitaonekana nini? Halafu wewe ukamjibu mbele ya watu. Ungenyamaza, mimi ningetafuta njia, taratibu. Umejiharibia mwenyewe, dada. Na tuseme ukweli, nani atakubali sahihi ya mtu aliyeishia kidato cha pili?"

"Niliishia pale ili wewe upite."

"Sikukuomba." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi sikukuomba kitu."

Dada alilipima hilo, kama alivyozoea kupima kila kitu kabla ya kukikataa. Aliona ni kweli. Hakuwa ameomba. Akatoka, akarudi kwenye droo zake.

Baada ya wiki tatu prufu, kurasa za majaribio za kusahihishwa, zilipanda kutoka chini, zikinuka wino. Utaratibu wa kazi yake ulikuwa mmoja: anasoma kila ukurasa mara tatu, mara ya kwanza herufi, mara ya pili maana, mara ya tatu kinyumenyume, kutoka neno la mwisho kwenda la kwanza, ili macho yasidanganywe na mazoea. Kisha anapiga muhuri wa IMESOMWA na kuandika herufi zake mbili ndani ya kisanduku cha muhuri. Herufi hizo ziliishia pale. Zilibaki kwenye prufu, na prufu zilihifadhiwa kabatini mwa Daktari.

Kidahizo chake kilikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Kilikuwa kizima, neno kwa neno. Mwishoni, ndani ya mabano, zilikaa herufi za mdogo wake. Hilo alilitazamia. Asilolitazamia ni sentensi moja mpya iliyopenyezwa kabla ya nukta ya mwisho, sentensi iliyopambwa, ya mtu aliyetaka kuacha alama:

Katika uzao huu limo pia neno la Kijerumani Name, jina, pamoja na ndugu zake wote, kwa kuwa jina ni kitu ambacho kila binadamu hukitwaa azaliwapo.

Alisoma mara tatu. Lilikuwa kosa, na si kosa la kalamu. Neno la jina lina ukoo wake, wa kale na wenye heshima, na ukoo huo na huu hawajawahi hata kupakana ua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani hiyo hulijua hilo. Tasnifu ya Daktari ilikuwa juu ya namna ya kupanga kamusi. Mizizi aliitazama kwa mbali, kama mwenye hoteli anavyolitazama jiko. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika mambo kama hayo kwenye prufu, na kwa miaka kumi na mmoja dada yake aliyafuta kwa kalamu nyekundu bila kumwambia, ili asione aibu.

Aliinua kalamu nyekundu. Akaishika juu ya ile sentensi mpaka mashine zikazimwa kwa mapumziko ya mchana na ofisi ikawa kimya. Alijua anachotaka. Hakujidanganya kuwa amechoka, wala kuwa si kazi yake. Alitaka mdogo wake aone aibu, mbele za watu, na watu hao wacheke.

Akaifunika kalamu. Akapiga muhuri, akaandika herufi zake ndani ya kisanduku, akageuza ukurasa.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na maua ya karatasi. Daktari alisimama, akasema kuna sentensi moja angependa kuisoma, na akaisoma ile. Jina ni kitu ambacho kila binadamu hukitwaa. Ukumbi ukapiga makofi. Dada, kwenye safu ya nyuma kabisa, alipiga makofi pia, kwa mwendo ule ule wa wenzake.

Barua ya Mgeni ilifika baada ya siku kumi na mbili, nakala kwa bodi ya kamusi. Alisema amelisoma kosa la ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili akiwa amesimama, na ilimbidi akae. Alisema kosa lile si la kuteleza kwa kalamu, ni la mtu asiyejua. Alitaka kuelezwa nani amelifanya, la sivyo dibaji yake iondolewe kwa mkasi katika kila nakala.

Siku iliyofuata Daktari alimwita dada yake ndani ya vioo, akafunga mlango. Hakuwahi kuufunga. Juu ya meza ilikuwepo ile prufu, na muhuri wake.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha. Ina sahihi yako."

Alitikisa kichwa taratibu, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Kilichokuwepo kilifanana zaidi na nafuu. "Basi dada, afadhali umesema mwenyewe. Maana nilikuwa na shaka kidogo kama ninakutendea haki." Akageuza karatasi ndogo iliyokuwa imelala kifudifudi, ya upana wa kiganja. "Nimekupa ulichokuwa unakitaka."

Ilikuwa karatasi ya masahihisho. Ilisema kwamba kidahizo cha ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili kiliandaliwa na karani wa kadi, likafuata jina lake kamili, na si na Mhariri Mkuu, kama ilivyochapwa kimakosa. Ilisema neno Name halihusiani na kitenzi hicho. Ilisema Mhariri Mkuu anaomba radhi kwa kumwamini mtu asiyestahili.

"Sentensi ile si yangu."

"Kidahizo ni chako?"

"Kidahizo ni changu."

"Basi hakuna uongo humo. Kiliandaliwa na wewe, kila mtu humu anajua."

"Sentensi si yangu, mdogo wangu. Kurasa zangu kumi na sita hazina sentensi hiyo."

"Ziko wapi?" Alimtazama moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Una ushahidi wa maandishi?"

Nakala ilikuwa moja tu. Dada alikuwa amempa mkononi.

"Bodi imekubali," Daktari aliendelea. "Na Mgeni nilimpigia simu asubuhi, ameridhika. Anasema alihisi. Anasema angeshangaa kama kosa la namna ile lingekuwa la msomi." Alizikusanya karatasi zake, akazipiga mezani zikalingana. "Mwisho wa mwezi utapumzika. Kabla ya hapo karatasi hizi zibandikwe. Nakala ni elfu mbili. Ni kazi ya karani wa kadi, siwezi kumpa mtu mwingine."

Walimtengea meza kwenye stoo ya vitabu, chini, ubavuni mwa mashine. Koma alimletea furushi la kwanza la vikaratasi, na gundi, na kitambaa chenye unyevu. Hakuondoka. Alisimama akivuta vuta uzi wa furushi.

"Nimelipanga mwenyewe jina lako," alisema. "Sikutaka wengine walipange. La kwako, la baba, la babu. Nilihesabu herufi mara mbili."

"Asante."

"Usinishukuru, utanifanya nilie, na mimi nikilia hulia vibaya."

"Mbele yake hukuweka kitu?"

Koma alielewa, akauachia uzi. "Nimeacha wazi," alisema. "Wazi kabisa."

Dada alichukua kikaratasi cha juu. Alikisoma mara tatu, herufi, kisha maana, kisha kinyumenyume. Jina lilikuwa sahihi. Mbele yake palikuwa peupe. Sasa alikuwa na maandishi, na mtu yeyote aliyetaka kujua kama aliwahi kuwepo angeweza kufungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili akajionea, katika nakala elfu mbili. Akafungua kitabu cha kwanza, akapaka gundi kwa kidole, akabandika, akakandamiza kwa mkono wa kushoto akihesabu mpaka kumi kama chupa ya gundi ilivyoelekeza. Akafungua cha pili.

Ilipofika mchana alikuwa amefikisha mia na arobaini. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Akavitazama vilivyolala juu ya ukurasa, akahamishia kitambaa upande wa pili, akaendelea kwa mkono wa kulia.